Uzoefu wangu na mashine ya kutikisa chekeche: kupima unga wa mbao kabla ya kuuchanganya na plastiki

Mashine ninayoielezea hapa ni ya kutikisa chekeche za maabara. Chini ina mota ndogo ya umeme, pembeni ina nguzo mbili za kubania, na katikati hukaa chekeche za chuma cha pua zenye kipenyo cha milimita 200, zikiwa zimepangwa kuanzia yenye matundu makubwa juu hadi yenye matundu madogo chini, na sahani ya kupokea unga mwishoni. Tunaitumia katika karakana yetu ya Mafinga, ambako tunachanganya unga wa mbao za paini na plastiki ya polietilini iliyorejelezwa, kisha tunaupitisha mchanganyiko huo kwenye ekstruda, yaani mashine ya skrubu inayouyeyusha na kuusukuma utoke ukiwa na umbo, ili kupata mbao za sakafu za nje na nguzo za uzio. Naipendekeza mashine hii kwa moyo wote, ila kuna mambo ambayo mnunuzi anapaswa kuyajua kabla ya kutoa fedha zake.

Kwa kuwa shamba la miti la Sao Hill ni jirani yetu, maranda hatuyakosi. Shida ni kwamba hayafanani. Msumeno wa duara, yaani dingdong, hutoa punje nene, msumeno wa mkanda hutoa unga laini, na mashine ya kupiga randa hutoa vipande vyembamba vinavyojikunja. Yote hayo hupita kwenye kinu cha nyundo, lakini kinu hakiwezi kuyasawazisha yakawa kitu kimoja. Unga ukiwa laini kupita kiasi, eneo la uso wake huwa kubwa, hivyo plastiki iliyoyeyuka haitoshi kuufunika wote, mchanganyiko huwa mzito ndani ya ekstruda, na chembe hushikamana zikawa madonge. Chembe zikiwa kubwa mno, uso wa ubao hukwaruza mkono na maji hupata njia ya kuingia. Unga unaotumika zaidi katika bidhaa za namna hii huwa kati ya mikroni 150 na 850 hivi (mikroni 1,000 ni milimita moja), na sisi tunataka sehemu kubwa ya unga wetu ikamatwe kati ya chekeche ya mikroni 425 na ile ya 250.

Upimaji wenyewe si mgumu, ila unataka nidhamu. Kijana wa kinu hukinga sampuli pale unga unapodondoka kutoka kinuni, wala hachoti juu ya gunia, kwa sababu gunia likishatikiswa kidogo tu, unga laini huzama na punje kubwa hubaki juu. Sampuli hukaushwa kwenye oveni kwa nyuzi joto 105, hupimwa gramu 50 kwenye mizani, humiminwa kwenye chekeche ya juu, na mashine huwashwa kwa dakika 10. Baada ya hapo kila chekeche hupimwa na kilichobaki ndani yake, na uzito huandikwa kwenye daftari. Jumla ikipungua sana kuliko gramu zilizoingia, tunajua kuna unga uliovuja au ulionata, na kipimo hicho tunakirudia.

Faida kubwa niliyoiona, na ambayo muuzaji hakunieleza, ni kwamba daftari hilo hueleza hali ya kinu. Kuna wakati kiasi kinachobaki juu ya chekeche ya mikroni 600 kilianza kupanda kidogo kidogo, zamu baada ya zamu, huku kwa macho unga ukionekana uleule. Kijana wa kinu ndiye aliyeniambia, “Dada, wavu utakuwa umechoka.” Tulipofungua tulikuta chujio la kinu limechanika karibu na tundu la boliti, mpasuko ambao ncha ya kidole inapita. Chujio likabadilishwa kabla ubao wowote haujaharibika. Kwa karakana inayonunua plastiki kwa kilo na kulipia umeme wa ekstruda, taarifa ya namna hiyo inarudisha gharama ya mashine mapema kuliko nilivyotarajia.

Sasa nije kwenye mipaka yake. Chembe ya mbao ni ndefu kuliko upana wake, na chekeche hupima upana, kwani kipande kirefu kikisimama wima hupenya tundu lilelile ambalo kipande kifupi hupenya. Urefu huo ndio unaochangia sana ugumu na nguvu za ubao, kwa hiyo mitambo miwili inaweza kutoa namba zilezile za chekeche na mbao zisilingane. Tulipopeleka sampuli kwenye maabara yenye kifaa cha leza, ukubwa wa wastani ulitoka mkubwa kuliko wetu. Sababu ni kwamba kifaa hicho hukokotoa kana kwamba kila chembe ni tufe, na urefu wa chembe huingia kwenye hesabu. Vipimo hivyo viwili visichanganywe kwenye jedwali moja. Sisi tumeongeza hadubini ndogo ya kuunganisha na kompyuta, na kwa hiyo tunakadiria uwiano wa urefu na upana. Isitoshe, skrubu za ekstruda huzivunja zaidi chembe hizo, na jambo hilo chekeche haiwezi kukuonyesha hata kidogo.

Hali ya hewa yetu nayo ina sehemu yake. Siku za ukungu wa Mufindi unga ulioachwa wazi hunyonya unyevu na kuziba matundu ya chekeche ya mikroni 150, na ukikauka kupita kiasi huzaa umeme tuli na kung’ang’ania kwenye kuta. Mipira midogo ya raba inayowekwa juu ya wavu husaidia, na brashi laini hutumika kusafisha kwa chini. Usichokonoe matundu kwa sindano, kwa maana wavu ukishatanuka kipimo chake kimekwisha. Umeme ukikatika katikati ya kazi, saa ya mashine huanza upya, na hilo linaudhi. Vumbi linalovuja kwenye maungio ni hatari kwa afya, kwa kuwa vumbi la mbao limo kwenye orodha ya visababishi vya saratani, na likitanda hewani linaweza kulipuka. Barakoa ni lazima, na mashine iwekwe mbali na cheche.

Unapoagiza, andika ukubwa wa matundu kwa mikroni na udai chekeche zilizotengenezwa kwa kiwango cha ISO 3310-1 au ASTM E11. Wauzaji wengine hutaja namba za meshi peke yake, yaani takriban idadi ya matundu katika inchi moja ya wavu, na namba hizo zina mifumo zaidi ya mmoja: chekeche ya mikroni 425 ni namba 40 katika mfumo wa Marekani, lakini ni namba 35 katika mfumo wa Tyler. Agiza pia raba za akiba za maungio pamoja na chekeche ya pili ya mikroni 425, kwa sababu kwetu hiyo ndiyo inayofanya kazi kubwa kuliko zote na ndiyo iliyoanza kulegea wavu.