Nimehangaikia rekodi ya kukamatwa ya mdogo wangu Florida nikiwa Mbeya: huduma ipi inafaa na ipi ni wizi

Habari zenu ndugu zangu, hasa nyie wenye watu wenu Marekani. Naandika hii baada ya karibu mwaka mzima wa kuhangaika, na nitaanzia Tukuyu maana ndiko mambo yalikoanzia.

Mwezi wa sita tulipeleka posa ya mdogo wangu, baridi ile ya kwetu mnaijua, tumekaa sebuleni na chai, mshenga anaongea vizuri tu, mara mjomba wa binti akatoa simu mfukoni akampa mshenga bila kusema neno. Mshenga akaangalia, akanipa mimi. Ilikuwa picha ya mdogo wangu, kavaa nguo za mahabusu, macho mekundu ya mtu ambaye hajalala, chini yake majina yote matatu, tarehe ya kuzaliwa na kosa lenyewe. Yule mzee hakututukana, alisema tu "mama, tuelezeni hii kwanza ndo tuendelee". Tulirudi Mbeya na Kosta ya jioni hakuna aliyefungua mdomo mpaka Uyole.

Ukweli ni kwamba miaka mitatu nyuma alikamatwa kwenye ugomvi wa parkingi, yeye alikuwa anaamulia, polisi walipofika wakabeba wote. Akalala ndani usiku mmoja, halafu wakili wa serikali alipopitia faili akakataa kufungua mashtaka, yaani hakuwahi kushtakiwa kabisa. Ila Florida rekodi za kukamatwa ziko wazi kwa kila mtu kisheria, picha na jina vinaingia mtandaoni kupitia kwa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, na kuna webusaiti za watu binafsi zinazozoa zile picha na kuzihifadhi. Kesi ikifa, wao picha wanaiacha palepale.

Sasa huduma ya kwanza tuliyotumia ndo ya kuikimbia. Ni webusaiti iliyosema itaondoa picha kwa malipo, mimi kwa haraka ya kuokoa posa nikatoa hela niliyokuwa nimeweka ya mbolea, nikamtumia mdogo wangu akaongezea akalipa. Picha ikatoka kweli, baada ya wiki mbili ikatokea kwenye webusaiti nyingine na bei nyingine. Nililia siku hiyo, sifichi. Nyota sifuri, na jamani msirudie kosa langu kwa sababu kumbe tangu Julai 2018 Florida ina sheria inayokataza webusaiti kama hizo kudai wala kupokea hela ili kuondoa picha. Unaandika barua, unaituma kwa rejista ukiambatanisha uthibitisho kwamba wewe ndo wewe, wakishaipokea wana siku 10 za kuitoa. Alituma, ikatoka, gharama ni ya posta tu.

Huduma ya pili naipa nyota 5 kwa moyo wote, ni ofisi ya karani wa mahakama ya kaunti. Florida ina kaunti 67 na kila moja ina karani wake anayetunza mafaili ya kesi, unaingia kwenye webusaiti yao unaandika jina unaona namba ya faili na ilivyoisha. Mimi nimefanya hivyo kwa simu yangu nikiwa dukani Mwanjelwa. Nikawapigia pia, kipindi kile saa mbili asubuhi yao ilikuwa saa tisa alasiri ya kwetu kwa hiyo haikunisumbua, akapokea mama mmoja mstaarabu sana akanielewesha polepole na Kiingereza changu hiki. Karatasi ya mwisho wa kesi yenye muhuri wa mahakama ni dola 1 kwa ukurasa na dola 2 za kuithibitisha. Yetu ilikuwa na kurasa mbili, dola 4 basi! Picha ilikuwa imetutoa Tukuyu tumeinamisha vichwa, karatasi ya dola 4 ndo iliturudisha. Mdogo wangu aliiskani nikaiprinti stesheneri ya pale Kabwe, mjomba akamwita binti yake anayefundisha sekondari amsomee, alipofika kwenye mstari unaosema mashtaka hayakufunguliwa akamwambia arudie, akarudia. Kisha mzee akaikunja akaitia mfuko wa shati.

Baada ya hapo ndo tukaingia kwenye kuifuta rekodi yenyewe, na hapa kuna vitu viwili watu wanavichanganya. Kufunga rekodi ni faili kubaki ila watu wa kawaida hawalioni, kufuta ni nakala za polisi na mahakama kuharibiwa na jimbo kubaki na moja ya siri. Ambaye hakushtakiwa au kesi ilifutwa anaomba kufuta. Ukishawahi kutiwa hatiani hupati, na kwa kawaida ni mara moja tu maishani. Unaanza na idara ya jimbo ya usimamizi wa sheria, inaitwa FDLE, dola 75, alama za vidole, karatasi ya karani, wanakupa cheti cha kuonyesha unastahili, kinaishi miezi 12, ndani ya muda huo unapeleka ombi mahakamani. Sisi fomu yetu ilirudi kwa uzembe wetu wenyewe, ile sehemu ya kusainiwa na wakili wa serikali tuliiacha wazi. Huduma naipa nyota 4, ni ya haki ila inataka subira. Na hii ni Florida, mwenye mtu Texas au California aangalie sheria ya huko.

Kitu ambacho naomba mkishike sana, hasa wenye ndugu wanaosubiri uraia: uhamiaji wa Marekani wanauliza kama umewahi kukamatwa hata kama rekodi ilifungwa au ilifutwa, na lazima ujibu kweli. Kazi za polisi na za kutunza watoto au wazee, ambazo ndugu zetu wengi ndo wanazifanya, nazo unatakiwa useme. Na wakitaka karatasi ya jinsi kesi ilivyoisha wakati faili limeshaharibiwa utaitoa wapi? Kwa hiyo kabla hujafuta chochote nunua kopi zenye muhuri za kutosha. Sisi tulichukua nne, mbili anazo yeye, moja ipo kwa wakili wake wa uhamiaji, na ya nne iko Uyole kwenye sanduku la mama pamoja na hati ya kiwanja.