Nimeifungia Gaggia yangu taima inayojiwasha yenyewe

Mashine yangu ya espresso ni Gaggia Classic, ile ya swichi tatu na vitaa vyake. Haina kioo wala saa. Ukibonyeza swichi ya kahawa pampu inanguruma, ukibonyeza tena inanyamaza, na hapo katikati hesabu ni juu yako. Mwaka mzima nimehesabu kwa simu: mkono mmoja kwenye swichi, mwingine kwenye simu, vidole vimejaa unga wa kahawa na kioo hakisikii. Mara ngapi nimekumbuka kuwasha saa wakati kikombe kimeshafika nusu!

Kwa asiyefuatilia mambo haya: mimi naweka gramu 18 za unga na nataka nipate gramu 36 za kahawa kwa sekunde 25 hadi 30. Ikitoka kwa sekunde 15 inakuwa nyepesi na chachu kama maji ya ukwaju. Ikivuta mpaka 45, uchungu wake unabaki kooni hadi adhuhuri. Sekunde ndizo zinazonieleza nikaze kinu kisage laini zaidi au nikilegeze kisage kwa chenga kubwa, kwa hiyo sekunde za kubahatisha ni sawa na kutopima kabisa.

Vifaa nilinunua Kariakoo: bodi ya Arduino Nano (kijikompyuta unachokiandikia programu mwenyewe), kioo cha OLED cha inchi 0.96 cha kuonyesha namba, nyaya na sensa. Jumla ilikuwa elfu arobaini na kitu. Umeme inapata kwenye chaja ya simu ya zamani.

Sensa ndiyo iliyonitoa jasho. Ya kwanza ilikuwa ya kusikia mtikisiko, niliibandika ubavuni mwa mashine. Pampu iliisikia vizuri. Ila ilisikia na kinu kilicho pembeni yake, ikasikia blenda, ikasikia mwanangu akigonga meza kwa kijiko. Asubuhi moja nilikuta kioo kinasema nimetengeneza kahawa ya sekunde 94, na mimi ndiyo kwanza naamka.

Nikampelekea fundi redio wa mtaani kwetu. Akanitazama, akasema, "Bosi wangu, hiyo pampu si ina koili? Unahangaika na mtikisiko wa nini?" Kweli bwana. Pampu ya mashine hizi haina mota inayozunguka. Ni koili, na ndani yake kuna pistoni ya chuma inayovutwa na kurudishwa na springi, mara 50 kwa sekunde kwa umeme wetu huu wa hezi 50. Koili ikipitiwa na umeme inakuwa sumaku. Basi nikanunua swichi ya sumaku, kile kijibomba cha kioo chenye vibati viwili ndani, kama zile za kengele za wizi milangoni. Nikaifunga juu ya pampu kwa utepe usioungua kwa joto. Kinu kikisaga, haina habari. Blenda, haina habari. Pampu ikiwaka tu, namba zinaanza kukimbia.

Lakini nayo ilikuwa na vituko vyake. Vile vibati vinagusana na kuachana kwa kufuata mapigo ya pampu, kwa hiyo taima ikawa inaanza, inasimama, inaanza. Nikaiandikia programu isubiri: isipopata pigo kwa nusu sekunde ndipo ijue pampu imezimwa, kisha iitoe hiyo nusu kwenye hesabu. Tangu hapo imetulia. Nikaongeza pia namba ya mwisho ibaki kwenye kioo kwa dakika moja, na kusema kweli hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu kahawa ikishatoka macho yangu yako kwenye kikombe, si kwenye saa.

Ukitaka kujaribu, chomoa plagi kwanza na uiache mashine ipoe. Mle ndani kuna volti 230 na boila linalounguza. Waya za sensa hazitakiwi kugusa popote penye umeme wa mashine. Bodi na kioo viweke nje. Kama huna uzoefu wa kufungua vitu vya umeme, mpe fundi.

Sasa, taima haikunitengenezea kahawa nzuri siku ya kwanza. Ilinivuruga kabisa. Ilisoma 34 kwa kahawa niliyoamini ni ya 27. Rafiki yangu barista, anayetengeneza kahawa mkahawani, ndiye aliyeniuliza: "Kaka, wewe ulikuwa unahesabu kuanzia wapi?" Kumbe kwa simu nilikuwa naanza nikiona tone la kwanza, na kwenye mashine yangu tone hilo huchelewa kama sekunde saba tangu pampu iwake. Taima inaanza na pampu. Hata mizani za kahawa zinazojiwasha, zipo zinazosubiri tone. Chagua njia moja ubaki nayo, la sivyo utakuwa unakaza na kulegeza kinu bila sababu.

Kasoro zipo. Nikitoa maji ya moto ya chai pampu inafanya kazi, na yenyewe inahesabu. Umeme ukikatika inasahau namba ya mwisho. Na haizimi pampu, inahesabu tu, kuzima bado ni kazi yangu. Mjomba wangu, mtu wa Unguja aliyekulia na kahawa ya mdeli, alikitazama kile kioo akauliza kama ninapika kahawa au ninarusha roketi. Akanywa viwili hata hivyo, akalalamika hakuna kashata.

Leo asubuhi imesoma 21, kinu kikiwa palepale pa wiki iliyopita. Kahawa ya Mbinga iliyobaki kwenye pakiti imeshachakaa, na ikichakaa hutoka haraka. Nimekaza alama mbili, ikapanda 26. Jumamosi nitanunua pakiti mpya.