Kituo cha kura, Reading, Uingereza: nyota nne, ya tano nimeizuia

Nianze na saa za kazi, maana ndizo zilizonivutia. Saa 1 asubuhi hadi saa 4 usiku, bila mapumziko ya chakula. Sisi watu wa zamu tumezoea kufika kila ofisi mlango ukiwa umeshafungwa, na hapa Reading sijui ofisi nyingine ya umma inayokaa wazi saa 15 mfululizo. Saa 4 ikikukuta bado uko kwenye foleni, unapewa karatasi yako na unapiga. Foleni yenyewe sijawahi kuiona.

Ninazungumzia uchaguzi wa madiwani wa Alhamisi, tarehe 2 Mei 2024, nilivyouona mimi mtu wa Likoni, mtunza wazee, niliyetoka zamu ya usiku nikaenda moja kwa moja kituoni na macho mekundu.

Mwanzo hata sikujua kama nina haki. Aliyenizindua ni mzee mmoja ninayemhudumia, ana miaka 88, hupiga kura kwa posta kwa sababu ya magoti. Aliniuliza siku moja kama nimeshajiandikisha. Nikamwambia mie si wa hapa, mie Mkenya. Akanitazama kama nimemmwagia chai mapajani. "Kwani Kenya haimo kwenye Jumuiya ya Madola?" Imo. Na raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali huandikishwa na kupiga kura zote, ya diwani na ya bunge, bila kungoja uraia wa Uingereza. Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mnyarwanda, sote tumo. Nilijiandikisha kwa simu nikiwa ndani ya basi, na basi halijafika Tilehurst nilikuwa nimemaliza.

Haya, kituoni. Ni ukumbi wa kanisa karibu na Oxford Road, piano imefunikwa shuka, midoli ya watoto imesukumwa pembeni. Mlangoni amekaa bwana mmoja na ua la utepe kifuani, akaniomba namba yangu ya mpiga kura. Nilimpa haraka nikidhani ni afisa. Kumbe ni mtu wa chama, anahesabu wafuasi wao waliokwisha kufika ili jioni wakawagongee milango waliobaki. Unaweza kumpita na salamu tu, hana mamlaka yoyote.

Ndani kulikuwa na makarani wawili na msimamizi. Karani, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia, akaniuliza jina na anwani, akalitafuta jina kwa rula mpaka akalipata. Kisha akataka kitambulisho. Nikatoa kadi yangu ya kazi, ina picha na kila kitu. Akatikisa kichwa. Nikatoa kipande changu, kitambulisho cha taifa cha Kenya, ambacho huwa natembea nacho kama hirizi. Akakigeuza huku na huku, akaisifu picha, akanirudishia.

Sheria ya kitambulisho cha picha ilipitishwa 2022, na kura za mabaraza za Mei 2023 ndizo za kwanza kuitumia. Kuna orodha, na kisichomo kwenye orodha hakimo. Pasipoti ya Kenya imo. Kipande, ambacho nyumbani ndicho nilichopigia kura, hapa ni picha tu. Lakini siwezi kumlaumu mtu: kadi ya mwaliko wa kura iliyokuja kwa posta ilieleza yote, nami nilikuwa nimeibandika kwenye friji bila kuigeuza upande wa pili. Nikapanda basi namba 17 kurudi nyumbani. Kampuni ya mabasi, Reading Buses, ni mali ya baraza la mji lenyewe, kwa hivyo nauli ya uzembe wangu ilibaki palepale.

Nyumbani nikafungua pasipoti, lo! Imekwisha tangu Februari. Nilikaribia kulala. Nikarudi hivyo hivyo, nikijiandaa kubishana, na sikupata nafasi ya kubishana. Msimamizi aliitazama picha, akanitazama mimi, akasema bado ni yuleyule. Pasipoti iliyopitwa na wakati hupokewa ilimradi sura haijabadilika. Shoga yangu anayevaa nikabu naye alipita vizuri: alimwomba karani wa kike, wakaenda pembeni mahali pa faragha, kioo kipo cha kujitengeneza tena, akarudi kuchukua karatasi yake. Hilo nimelipenda sana, na nyota ya nne ni ya hapo.

Sasa penseli. Ndiyo, penseli, tena imefungwa kwa kamba kibandani. Mkenya na penseli ya kura hawaaminiani. Likoni 2017 nilipanga foleni saa 9 usiku na kiti changu cha plastiki. Tulipewa karatasi sita, kidole kikawekwa kwenye mashine, kisha kikachovywa wino uliokaa kwenye ukucha wiki nzima. Hapa hakuna mashine, hakuna wino, hakuna askari. Kulikuwa na mbwa amelala chini ya meza akimngoja mwenyewe. Nilimuuliza karani kama naweza kutumia kalamu yangu ya wino, akasema naweza. Nikatumia kalamu. Alasiri nilipoamka nikajikuta nakiangalia kidole, nahisi kama sijapiga.

Na pale ukumbini tulikuwa wapiga kura watatu, ukimhesabu mbwa. Mwaka ule wa 2017 zaidi ya robo tatu ya waliojiandikisha Kenya walijitokeza. Huku, kura za mabaraza kwa kawaida hazifikishi hata nusu. Duka safi, wauzaji wana adabu, bidhaa bure, wateja hakuna. Sijui nicheke au nilie.

Bidhaa yenyewe si ndogo. Tangu baraza la kaunti ya Berkshire livunjwe 1998, Reading inajibebea mizigo yote: mapipa ya taka, shule, maktaba, mashimo barabarani, na utunzaji wa wazee, ambao ndio ugali wangu. Kata ni 16, kila moja na madiwani watatu, jumla 48. Hawachaguliwi wote kwa mkupuo. Kila kata humchagua mmoja kwa mwaka, miaka mitatu mfululizo, wa nne mnapumzika. Kwa hivyo baada ya kura ile, 2025 ulikuwa mwaka wa kupumzika, na zamu iliyofuata ilipangiwa 2026. Karatasi haina picha za wagombea, ni majina kwa mpangilio wa alfabeti na nembo za vyama, kwa hivyo usipojua jina umekwisha. Karatasi ya pili ilikuwa ya kamishna wa polisi wa Thames Valley. Hiyo sitaisemea, nilikuwa sijasoma hata mstari mmoja juu yao. Chama cha Labour kilibaki na baraza, nilisoma kesho yake.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hiyo orodha ya vitambulisho. Pasi ya basi ya mzee inakubaliwa, kadi ya mwanafunzi haikubaliwi, na huu ni mji wa chuo kikuu. Ipo hati ya bure ya mpiga kura kwa asiye na kitambulisho kingine, lakini iliombwa mwisho 24 Aprili, na asiye na kitambulisho ndiye yuleyule asiyekuwa na habari ya tarehe.

Ya pili ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Bukavu. Amekaa hapa miaka mingi kuliko mimi, analipa kodi ya baraza kila mwezi kama mimi, pipa lake linachelewa kuchukuliwa siku moja na langu. Kongo haimo kwenye Jumuiya ya Madola, kwa hivyo hadi apate uraia, jina lake halimo daftarini. Asubuhi ile niliporudi kuchukua pasipoti alikuwa kibarazani anaanua nguo. Nikamwambia naenda kupiga kura, nimesahau kitambulisho. Akacheka, akaweka kapu chini.

"Dada, hawa wote wamenipitishia makaratasi mlangoni. Mimi nimeyasoma yote, wewe umesoma?"

Nilikuwa nimesoma mawili. Akaingia ndani, akatoka na yote manne, akayapanga juu ya ukuta wetu na kuniambia nani amesema nini juu ya taa za kichochoro chetu na nani hakukigusa kabisa. Kura niliyoipiga mimi, kwa kalamu yangu ya wino, aliichambua yeye.