Sabuni ya nazi kwa nguo za mtumba za kichanga: nyota nne

Wenzangu mnochukua nguo za watoto za mtumba pale Darajani, hii sabuni naisifu kwa moyo mmoja. Nakusudia ile ya kipande nyeupe isiyo rangi wala manukato, sio ile ya mwani yenye karafuu na mdalasini wanochukua watalii, hiyo nzuri kwa mtu mzima lakini mafuta ya karafuu na mdalasini yanawasha na ngozi ya kichanga haistahamili.

Sie wa Unguja tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, maji ya kisima magumu, na ukiwa karibu na pwani yana na chumvi juu yake, sabuni nyengine unasugua mpaka vidole vinachubuka povu hulioni. Ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya bahari, ndo maana mabaharia walikuwa wakiogea sabuni ya mafuta ya nazi. Na ya unga yenye manukato makali mie sitaki kabisa kwa kichanga, harufu inaganda shingoni na ndo hapohapo mtoto anapumua.

Ila msikimbilie sabuni kwanza! Nguo ikiwa inanuka vile vidonge vyeupe vya kabatini, nafthalini, itundike nje kwenye upepo siku mbili tatu mpaka harufu iishe ndo uifue, maana mvuke wake una madhara. Kuna watoto wana upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na sehemu zilizozoea malaria kama huku kwetu wapo wengi tu, wakivuta ile kitu chembe za damu zinavunjika na mtoto anageuka manjano, huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Niliwahi kuuziwa furushi zima linanuka hivyo na muuzaji ananambia fukiza udi tu itatoka. Haitoki, unaifunika tu, na moshi nao unamuumiza mtoto.

Sasa kwenye kola, pale maziwa yanapomwagikia pakageuka manjano. Geuza nguo ndani nje, roweka kwa maji baridi, usianze na ya moto yatalipika doa likashika, halafu pitisha kipande cha sabuni juu ya mshono mpaka uone utando mweupe umekaa, acha kidogo, sugua na mswaki wa zamani taratibu. Likiwa la juzijuzi linatoka. Lile lililokaa miaka na mwenyewe wa mwanzo huko Ulaya haling'oki lote, linafifia tu, na hapo ndo nilipoiondolea nyota moja. Jiki msitie, inakula mpira wa kiunoni na ikibaki inamuwasha mtoto.

Jengine, kwa maji yetu haya inaacha vumbi jeupe nguo ikawa ngumu usiposuuza sawasawa, kwa hiyo suuza mpaka maji yawe safi na beseni la mwisho tia kijiko cha siki, nguo inalainika na harufu ya siki ikikauka inakwisha. Winda nazo nafulia hii hii.

Wakati unasuuza vuta kila kifungo kwa nguvu, kinachocheza kikate au kishone upya, na kamba za kofia zitoe kabisa zisije zikamkaba. Kisha anika juani na upige pasi ya moto kwenye mishono, khasa kwa kuogopa upele. Masika jua likigoma pasi ndo tegemeo, msikunje nguo mbichi mbichi itaota ukungu.

Bei imezidi kidogo ile ya mche ya kawaida na ukiiacha kwenye maji inayeyuka yote, iweke pakavu. Mkenda kununua chagueni kipande kigumu kilichokauka, na mkinuse, kikiwa na harufu ya mafuta yaliyochacha kiacheni hapohapo.