Uzoefu wangu wa kuotesha mbegu za mmea wa mtungi: boksi la zawadi na pakiti ya mbegu peke yake

Kama unafikiria kununua lile boksi la kuoteshea mimea inayokula wadudu, linalouzwa mtandaoni na kwenye maduka ya zawadi, nakushauri hela yako ibaki mfukoni. Nimelitumia. Nimetumia pia mbegu zilizouzwa peke yake, bila boksi wala udongo wala kikopo, na hizo ndizo zilizonipa mimea ninayoitazama kila asubuhi dirishani.

Naishi Durham, North Carolina, na mmea ninaouzungumzia ni wa huku huku Marekani ya Kaskazini. Jina lake la kitaalamu ni Sarracenia purpurea. Jani lake limejikunja likawa mtungi mfupi, mnene, wenye mishipa myekundu na mdomo ulio wazi juu. Mvua ikinyesha maji yanaingia na kukaa humo. Mdudu hufuata utamu wa ukingoni, huteleza kwenye vinyweleo vinavyoelekea chini, huzama, na mmea hufyonza naitrojeni ya mwili wake. Unafanya hivyo kwa sababu udongo wa vinamasi unakoota hauna rutuba. Ukitaka kuuona mkubwa uliokomaa, bustani ya mimea ya North Carolina iliyopo Chapel Hill inayo mingi, imepandwa nje, na kuingia ni bure.

Mmea huu umeenea kuanzia Kanada mpaka kusini mwa Marekani. Newfoundland na Labrador, jimbo la Kanada lenye baridi kali, lilichagua ua lake kuwa ua rasmi la jimbo mwaka 1954. Hiyo Kanada naitaja kwa makusudi, maana tabia ya mbegu imetoka kwenye baridi hiyo. Mbegu hudondoka vuli, majira ya baridi yakikaribia. Ingeota palepale, barafu ingeua mche ukiwa bado mchanga. Kwa hiyo mbegu imejifunga: haioti mpaka ikae kwenye unyevu na baridi kwa wiki kadhaa, kisha ihisi joto na mwanga vikirudi. Wewe unayeotesha nyumbani, kazi yako kubwa ni kuipa mbegu majira ya baridi. Karatasi ya maelekezo isiyokwambia hilo haijakwambia kitu.

Sasa boksi. Lilifika limependeza: kikopo cha plastiki chenye kifuniko kinachopitisha mwanga, vidonge vya udongo mkavu vinavyovimba ukivimwagia maji, kipakiti cha mbegu, na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa. Juu ya boksi kuna picha ya mitungi mirefu myekundu. Kwenye kipakiti pameandikwa tu kwamba ni mchanganyiko wa mimea inayokula wadudu. Spishi haikutajwa, wala mwaka wa kuvunwa. Karatasi inasema uloweke vidonge, unyunyize mbegu, ufunike, uweke dirishani penye jua, usubiri. Baridi haikutajwa popote, na kuhusu maji pameandikwa "maji safi" basi. Nikageuza boksi kusoma maandishi madogo ya chini, nikakuta vidonge vimetiwa mbolea ya kuanzia. Kwa nyanya ingekuwa sawa. Kwa mmea ambao mizizi yake imezoea udongo usio na chakula, mbolea ni sumu.

Niligawa mbegu zile mafungu mawili. Fungu la kwanza nikalifanyia kila neno la karatasi, kwa sababu ukikosoa bidhaa ni haki uitumie kama muuzaji alivyosema. Chini ya kile kifuniko ukatanda ukungu mweupe, na mche haukutoka hata mmoja. Fungu la pili nikalilaza kwenye friji kwa namna nitakayoieleza, nikalipanda kwenye udongo wangu. Zikaota chache. Nyingine zilikuwa za mtungi, na nyingine zilitoa vijani vya mviringo vyenye nywele zinazonata, yaani Drosera, mmea tofauti kabisa. Kwa hiyo siwezi kusema mbegu zilikuwa za uongo. Aliyezinunua ndiye aliyedanganywa, kwa kunyimwa maelekezo. Nikiwaza watoto wangapi wamepewa boksi hili siku ya kuzaliwa, wakachungulia udongo mtupu miezi mizima na kuamini wao ndio walioshindwa, naumia kweli. Nyota moja kati ya tano, na hiyo nailipia kikopo.

Pakiti ya pili niliinunua kwa mkulima mdogo wa humu jimboni anayevuna mbegu kwenye mimea yake mwenyewe. Ni bahasha ndogo ya karatasi, bei yake dola chache, chini kuliko boksi. Juu yake kuna jina kamili la spishi na mwaka wa mavuno. Hayo mawili yana thamani kuliko vifaa vyote vya boksi. Jina linakwambia kama baridi inahitajika na kwa muda gani. Mwaka unakwambia kama mbegu bado ina nguvu. Mbegu za Sarracenia zikikaushwa vizuri na kuhifadhiwa kwenye friji hudumu miaka kadhaa, lakini mbichi za msimu uliopita huota vizuri zaidi. Chama cha kimataifa cha wapenzi wa mimea hii, International Carnivorous Plant Society, nacho kina benki ya mbegu kwa wanachama wake, na ni mahali pazuri pa kuanzia ukiwa huna mkulima jirani.

Kuna sababu nyingine ya kumpenda muuzaji anayeeleza mbegu zimetoka wapi. Vinamasi na misitu ya misonobari ya kusini mashariki mwa Marekani, ambako jamaa wengi wa mmea huu huishi, vimekaushwa na kujengwa sehemu kubwa, na wezi wa mimea hung'oa iliyobaki. Huku North Carolina wizi wa mtego wa Venus, Dionaea muscipula, mmea mwingine unaokula wadudu, ulikuwa umezidi kiasi kwamba tangu Desemba 2014 kuung'oa porini bila ruhusa ni kosa la jinai zito. Mbegu iliyovunwa bustanini haimwibii mtu wala kinamasi.

Nieleze nilivyofanya, maana hapa ndipo watu wengi hukwama.

Mbegu ni ndogo, urefu wake kama milimita 2, rangi ya kahawia yenye wekundu kidogo, umbo la tone. Ganda lake lina nta. Ukizimwagia maji zinaelea, na matone yanateleza juu yake kama juu ya jani la myugwa. Ndiyo maana kuzirushia maji mara moja na kuziacha hakutoshi. Lazima zikae zimegusana na kitu chenye unyevu muda mrefu mpaka ganda likubali. Nilichukua sfagnamu iliyokaushwa, ule mmea laini wa kinamasini unaouzwa kwenye maduka ya wapanda okidi, nikaukatakata, nikauloweka, kisha nikaukamua kwa mkono mpaka maji yakaacha kudondoka. Unyevu wa kitambaa kilichokamuliwa unatosha. Ukiacha maji yachuruzike umekaribisha ukungu. Nikachanganya na mbegu, nikatia ndani ya mfuko wa plastiki wenye zipu, nikaandika tarehe na jina juu yake kwa kalamu isiyofutika. Mfuko ukakaa rafu ya chini ya friji, palipo na nyuzi 1 hadi 5 za Selsiasi. Usiweke kwenye friza.

Muda unaoshauriwa ni wiki 4 hadi 6. Mimi huchagua 6, kwa sababu jamii ya kaskazini ya spishi hii imezoea baridi ndefu, na mbegu haidhuriki kwa kuongezewa siku. Kila wiki fungua mfuko, hewa ibadilike, uangalie kama kuna weupe wa ukungu. Ukiuona mahali, toa kipande hicho. Nyumbani waelezeni wote mfuko huo ni wa nini, la sivyo utatupwa na mabaki ya chakula.

Udongo wa kupandia ni nusu mboji ya sfagnamu na nusu perlaiti, yale mawe meupe mepesi. Soma mfuko wa mboji kabla ya kulipa: ukikuta neno mbolea, uache dukani. Mwaga mchanganyiko wa mfukoni juu ya udongo, mbegu zibaki juu bila kufukiwa, kwani zinahitaji mwanga ili ziote. Chungu kiwe kwenye sinia lenye maji ya kina cha sentimita 1 au 2, udongo unywe kutoka chini. Mimi natumia taa ya LED kwa saa 14 mpaka 16 kwa siku, na joto la chumba nyuzi 21 hadi 27.

Maji ndiyo yanayoua mimea hii kuliko kitu kingine chochote. Maji ya bomba yana chumvichumvi zinazojikusanya kwenye udongo mpaka mizizi inaungua. Tumia maji ya mvua au yaliyokenekwa, yale ambayo nyumbani Afrika Mashariki yanauzwa kwenye vituo vya mafuta kama maji ya betri. Hakikisha ni maji yenyewe na siyo asidi ya betri, kwa sababu vyote viwili huuzwa sehemu moja na chupa hufanana. Kuna kipimo kidogo cha bei nafuu cha kupima kiasi cha madini kilichoyeyuka; kikisoma chini ya sehemu 50 kwa kila milioni, maji yanafaa. Nakishauri kununuliwa kabla ya taa.

Baada ya kutoka friji, subiri wiki 2 hadi 4. Kwanza ganda linapasuka upande mmoja na kijizizi cheupe kinajipinda kuelekea chini. Kisha vinanyanyuka vijani viwili vyembamba, vya kijani chenye wekundu, mara nyingi ganda la mbegu likiwa bado limening'inia kwenye ncha. Usilivute, litadondoka lenyewe. Halafu, katikati ya vijani hivyo, kinachomoza kitu cha tatu, na hicho ni mtungi tayari. Milimita chache tu, una mdomo mwembamba na kikofia chake, umekamilika. Nilitumia kioo cha kukuzia, nikaona hata mshipa mmoja mwekundu umepita ubavuni. Mmea huu hauanzi na majani ya kawaida ukasubiri ukue ndipo uwinde. Jani lake la kwanza baada ya yale mawili ni mtego. Kwangu hilo peke yake lilitosha kulipia pakiti.

Usitarajie kutambua spishi kwa macho mapema. Miche ya Sarracenia karibu yote inafanana mwanzoni, sababu nyingine ya kutaka jina kwenye bahasha. Wala usitarajie haraka: kufikia ukubwa wa kutoa maua huchukua kama miaka 3 hadi 5. Majira ya baridi ya kwanza unaweza kuuacha chini ya taa uendelee kukua. Baada ya hapo unahitaji kupumzika miezi 3 au 4 kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10 kila mwaka. Pakiti nimeipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu mkulima naye maelekezo yake ya maji ni sentensi moja, na anayeanza hawezi kuijaza mwenyewe.

Mdogo wangu aliye Tanga aliniuliza mambo mawili baada ya kuona picha. La kwanza, kama mitungi yenye maji haizalishi mbu. Ni swali la haki. Mitungi ya purpurea porini ina mbu wake maalumu, Wyeomyia smithii, ambaye mabuu yake huishi humo humo bila kumeng'enywa, yakila mabaki ya wadudu waliozama. Kaskazini, jike wa mbu huyo hutaga mayai bila kunywa damu.

La pili, kama anaweza kuotesha kwake. Mbegu zitaota, friji ni friji popote. Mmea wenyewe ndio utakaoteseka, kwa kuwa Tanga haina baridi ya kuulaza kila mwaka, nao usipolala hudhoofika. Kwa mtu wa pwani ningeshauri Nepenthes, mimea ya mtungi ya nchi za joto. Bara la Afrika haina hata spishi moja ya asili, lakini majirani zetu wa Bahari ya Hindi wanayo: Madagaska ina Nepenthes madagascariensis, na Ushelisheli ina Nepenthes pervillei. Mbegu zake ni nyembamba kama uzi, hazihitaji friji ya wiki 6, zinahitaji joto na hewa yenye unyevu. Ubaya wake ni kwamba hufa mapema, kwa hiyo zipandwe mbichi mara tu zikifika. Mwaka wa mavuno hapo una uzito kuliko hata kwa Sarracenia.

Na kabla ya kuagiza kutoka nje, uliza kwanza mamlaka ya afya ya mimea ya nchi yako, TPHPA kwa Tanzania au KEPHIS kwa Kenya, kuhusu kibali cha kuingiza mbegu. Muuzaji naye anatakiwa aambatanishe cheti cha afya ya mimea kutoka nchi anakotuma. Wengi hupenyeza mbegu kwenye bahasha ya kawaida wakidhani ni ndogo haitaonekana. Muuzaji akikwambia cheti si lazima, mtafute mwingine.