Magurudumu ya Kichwa cha Treni cha Dizeli cha Mfano: Yapi ya Kununua Kwanza

Kichwa cha dizeli hakina fito zinazochezacheza kuvuta jicho kama cha mvuke. Ukikiweka mezani, jicho hushuka moja kwa moja kwenye bogi, yaani fremu ya chini inayobeba magurudumu, na gurudumu nene likionekana pale, kazi yako yote ya rangi imeharibika.

Kwa hiyo anza na kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo cha gurudumu. Vichwa vingi vya kampuni ya EMD ya Marekani vilitumia magurudumu ya kipenyo cha inchi 40, yaani mm 1,016. Kwa skeli ya HO, 1:87, hiyo ni mm 11.7. Class 37, kichwa cha dizeli cha Uingereza, ina futi 3 na inchi 9, na kwa skeli ya OO, 1:76, unapata mm 15. Pima sehemu inayokanyaga reli. Ukipima juu ya flanji, ule ukingo unaojitokeza kuzuia gurudumu lisitoke relini, utaagiza gurudumu lililozidi kwa milimita moja au zaidi.

Namba moja kwangu ni seti ya chuma iliyotengenezwa kwa ajili ya modeli yako hasa, gurudumu, ekseli na gia vikiwa tayari pamoja. Ni ghali, lakini unachomoa ya zamani, unachomeka mpya, treni inatembea. Chagua nikeli-silva, aloi ya shaba, nikeli na zinki: haishiki kutu na hupitisha umeme vizuri.

Namba mbili ni magurudumu ya chuma yasiyo na gia, unayoyapachika mwenyewe. Hapa upana ndio wa kuuangalia sana. Gurudumu halisi lina upana wa karibu sm 14, ambao kwa HO ni mm 1.6. Yale ya kawaida yenye umbo la RP-25, kiwango cha magurudumu ya modeli ambacho namba yake huonyesha upana, namba 110, yana mm 2.8, namba 88 yana mm 2.2 na sura hubadilika kabisa. Ila reli zako zikiwa na mianya mipana pale zinapogawanyika, gurudumu jembamba litadumbukia. Kagua njia kwanza.

Ukihamishia gia ya zamani, iangalie chini ya taa. Niliwahi kusikia treni yangu ikipiga tuk, tuk, tuk, mara moja kila mzunguko. Gia ya plastiki ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, katikati ya meno mawili. Gundi haisaidii, nunua mpya.

Namba tatu ni kubaki na ya kiwandani, ukapaka ubavu rangi iliyofifia. Si aibu, mradi yawe duara kamili: viringisha ekseli juu ya kioo, gurudumu likiyumba liache.

Ya plastiki usinunue. Hayapitishi umeme na hubeba uchafu reli nzima.

Class 08, kichwa kidogo cha Uingereza cha kupanga mabehewa, ni habari nyingine, kwa sababu ina fito za kuunganisha magurudumu. Magurudumu yake ya mm 18 kwa OO lazima upande mmoja utangulie mwingine kwa nyuzi 90, ekseli zote tatu sawasawa, la sivyo itakwama.