Apatimenti ya wageni Ilazo au vyumba vya wanachuo Ng'ong'ona?

Ninazo zote mbili, kwa hiyo sisemi ya kuambiwa: hapa Dodoma nina apatimenti Ilazo ninayoipangisha kwa usiku, na banda la vyumba vya wanachuo Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM).

Ilazo ina msimu wake, na msimu wenyewe ni Bunge. Likianza la bajeti, kuanzia Aprili mpaka mwishoni mwa Juni, simu haitulii. Likiahirishwa, nyumba inalala tupu na mlinzi unamlipa vilevile. Halafu tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtu wa kikao cha siku moja anatoka Dar alfajiri, jioni anageuza. Huyo zamani alikuwa analala kwangu.

Kinachonichosha zaidi ni maji yetu ya chumvi. Hita inaota ukoko mweupe, vitundu vya bomba la mvua vinaziba, inabidi dada wa usafi avisugue kwa siki na mswaki. Mgeni naye anaandika "sabuni haitoi povu" na kunipunguzia nyota, kana kwamba kisima nilichimba mimi. Ongeza shuka, umeme wa LUKU, intaneti, kamisheni ya mtandao wanakotafutia nyumba. Bei ya usiku mmoja ni tamu kuitaja. Mwisho wa mwezi ukikaa na daftari, utamu unapungua.

Ng'ong'ona hakuna mbwembwe. Kitanda, meza, dirisha lenye wavu, simtanki kubwa nje. Wanalipa kwa muhula. "Mama, nivumilie, boom bado," ndiyo salamu yao, yaani pesa ya mkopo wa wanachuo, lakini likitoka wanalipa kweli. Chuo kikifunga kunapoa, ndipo napaka rangi na kuzibua vyoo. Vyoo vyenyewe, wacha tu! Kila chumba kiwe na mita yake ndogo ya umeme, la sivyo jiko la koili la mmoja litawagombanisha wote.

Na usishindane kwa bei na mabweni ya chuo, hutaweza. Anayehamia kwangu anataka kupika chake na kurudi saa anayotaka. Ukimwekea masharti ya bweni, atakurudishia funguo.

Ilazo naipa nyota tatu, Ng'ong'ona nne. Ya tano nitaitoa siku watakapoacha kumwaga wali kwenye sinki.